Njoo Baada ya Uchaguzi: Siasa Zikichafuka, Utafiti Unakwenda Wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema kwa vijana wa chama hapa Ngumbo nikiwa nyumbani likizo. Waliokosa kufika wameomba niyaandike, na baadhi ya waliofika walikuwa bize na simu, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Nimenyoosha sentensi mbili tatu. Msimamo sijaugusa.

Makamanda, habari za jioni. Wazee wangu mliokaa pale nyuma, shikamooni. Najua leo mwezi haupo na wengine mnawahi ziwani, sitawachelewesha sana.

Nianze na yangu. Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu. Ili umalize unatakiwa kuandika utafiti. Nilichagua sheria ndogo za uvuvi katika ziwa letu: nani anazitunga, nani anaulizwa kabla hazijatungwa, na mvuvi wa huku anajua nini kuhusu tundu la nyavu analoruhusiwa. Nikaandaa maswali, nikapata barua ya chuo. Nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, kuomba ruhusa ya kuwahoji watu vijijini. Yule baba alinipokea vizuri tu, akaniita binti yangu, akasoma barua mpaka chini kwenye mhuri. Halafu akaniuliza, "Wewe si ndo ulikuwa jukwaani na wale?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Akairudisha barua kwenye bahasha taratibu. "Binti yangu, haya mambo ya uvuvi yana siasa. Njoo baada ya uchaguzi."

Uchaguzi ulipopita nilikuwa nimeshabadilisha mada. Nikaandika kitu cha maktaba kuhusu kesi za nchi za wenzetu, nikapata alama zangu nzuri. Lakini yale maswali niliyotaka kuwauliza baba zenu hayajaulizwa mpaka leo.

Mtu atasema, sasa karatasi ya mwanafunzi mmoja ina nini? Haina kitu kikubwa, nakubali. Ila ilinifanya nianze kusoma kuhusu karatasi za wengine, zile zinazobadilisha maisha, na kila nilipochimba nilikuta jambo lile lile: vita, mapinduzi, ugomvi wa marais, uchaguzi, halafu kazi ya watu wa maabara inakatika katikati. Anayelipa ni mtu ambaye wala hakujua kulikuwa na kazi.

Chukueni muhogo. Hapa kwetu bila muhogo na usipa hakuna mlo. Nani hapa hajawahi kuona majani ya muhogo yamejikunja, yana mabaka ya njano? Hiyo ndiyo batobato. Iliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani mmoja, Warburg, mwaka 1894, huko Usambara. Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga kituo kikubwa cha utafiti Amani, milimani juu ya Muheza. Kwa wakati ule kilikuwa kati ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo barani Afrika. Robert Koch mwenyewe alifika pale.

Ikaja vita ya 1914. Na hapa naomba wazee wanisahihishe, maana vita ile iligusa ziwa letu mwanzoni kabisa. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja Liuli, pale penye jiwe la Pomonda, Wajerumani walipaita Sphinxhaven. Ikaipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Waingereza, Rhoades, na nahodha wa Wajerumani walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja. Kilichonichoma mimi ni kwamba Rhoades huyo huyo, miaka kama kumi na kitu kabla, alishiriki kulipima ziwa hili na kuchora ramani yake. Mtu aliyekuja na kamba ya kupimia kina akarudi na mzinga.

Amani nako kazi ikageuka. Wataalamu waliokuwa wanachunguza mimea wakawa wanatengeneza kwinini na mahitaji mengine ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Usinielewe vibaya, walikuwa hodari, walitengeneza vitu vingi. Ila utafiti wenyewe ulisimama. Waingereza wakaichukua nchi, na kituo kikadorora karibu muongo mzima mpaka walipokifufua mwishoni mwa miaka ya 1920. Kumbukeni batobato haikusimama kusubiri mkataba wa amani usainiwe.

Kituo kilipofufuka ndipo ikafanyika kazi ambayo mpaka leo tunaila. Mtafiti anaitwa Storey, na wenzake, walianza kuchanganya muhogo wetu na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya kugema mpira. Wakauchanganya, wakaurudisha kwa muhogo wa kuliwa, wakachagua, wakarudia tena. Kazi ya zaidi ya miaka ishirini. Storey huyo huyo mwaka 1936 ndiye aliyeeleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaovuna muhogo kwa nje mzima, ukiupasua ndani umeoza. Mama zangu mnaujua kuliko mimi.

Kazi ya kuzalisha mbegu Amani ilifungwa mwaka 1957. Lakini kabla haijafungwa, mbegu zilikuwa zimeshatumwa Nigeria. Zikakaa huko. Miaka ya 1970 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha Ibadan wakazichukua, wakatoa aina mpya zinazostahimili batobato, na muhogo wenye damu ile ya Amani ukarudi Afrika Mashariki miaka ya 1990 wakati batobato kali ilipokuwa inamaliza mashamba Uganda. Yaani mbegu ilizaliwa Tanga, ikaponea Nigeria. Iliponea kwa sababu mtu aliigawa mapema.

Sasa niwapeleke kwenye jambo ambalo hatulisemi sana, maana hili hakulifanya mkoloni, tumelifanya wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, ya 1967. Watu wakiikumbuka wanakumbuka ndege na reli. Lakini Jumuiya ile ilikuwa na vituo vya utafiti vya pamoja: kilimo na misitu pale Muguga, Kenya, virusi pale Entebbe, samaki wa maziwa pale Jinja, malaria pale Amani, viuatilifu pale Arusha. Mtanzania, Mkenya na Mganda walikaa maabara moja, wakaandika kwenye jarida moja.

Mwaka 1971 Amin akapindua. Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja, na mimi simlaumu Mwalimu kwa hilo. Kenya na sisi tukaanza kulaumiana kuhusu fedha. Mapema 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na ilipofika katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa. Ikafa hivyo, kwa bajeti. Kila nchi ikabeba kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Ukiangalia tarehe za sheria zetu utaona alama za kuvunjika kule: NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, sheria yake ni ya 1979. TAFIRI ya samaki, 1980. Hatukuamka tu siku moja tukapenda sayansi. Nyumba ilikuwa imebomoka, tukawa tunajenga vibanda.

Na vitabu vya Amani? Kituo kilipohamishiwa Muguga maktaba nayo ilihamia huko. Kwa hiyo mpaka ulipofungwa, maandishi kuhusu muhogo uliozalishwa kwenye udongo wetu yalikuwa upande wa pili wa geti. Mpaka haukufunguliwa tena mpaka 1983.

Lakini mfano unaouma zaidi ni wa Ziwa Victoria. Kuanzia 1969 hadi 1971 watafiti wa Jinja walizunguka ziwa lote, nchi zote tatu, wakivuta nyavu na kupima samaki. Waliona furu ndio wengi kuliko wote, sangara wachache. Sangara alishawekwa ziwani tangu miaka ya 1950, na mtafiti mmoja, Geoffrey Fryer, alishaandika mwaka 1960 kupinga wazo la kumpandikiza. Fryer huyu, kabla ya kwenda Jinja, alifanya kazi Nkhata Bay, hapo ng'ambo yetu, akichunguza samaki wa kwenye mawe wa ziwa hili hili. Alijua samaki wa aina ile wanavyoishi.

Sasa sangara alilipuka lini? Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Wakati ule ule! Ziwa linabadilika kuliko lilivyowahi kubadilika, furu wanaisha kwa mamia ya aina, na kile kikosi cha pamoja ambacho kingezunguka ziwa lote kupima hakipo, kimekufa 1977. Mwanza wakaja Waholanzi wa Chuo cha Leiden mwaka huo huo, bahati nzuri, wakaandika walichoona kwenye ghuba ile. Wengine kila mmoja akapima pwani yake. Upimaji wa ziwa zima wa namna ile ukaja kurudi miaka ya 1990, na shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria likaundwa 1994. Kwa hiyo katika kumbukumbu za sayansi kuna shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo jambo kubwa zaidi lilimotokea. Wanasiasa walinuna, ziwa likaendelea na safari yake.

Nimewaambia hayo ya Victoria ili tuangalie la kwetu. Ziwa letu ripoti zake zinaandikwa kwa mkwaju katikati: Malawi/Nyasa. Mkwaju ule mdogo ni mgogoro mzima. Mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890, wenzetu wanasema unawapa maji yote mpaka ufukweni kwetu. Mwalimu mwaka 1967 alisema mpaka uko katikati. Mwaka 2012 ukawaka tena kwa sababu ya leseni za kutafuta mafuta, mpaka akina mzee Chissano wakaombwa kusuluhisha. Tuelewane: mimi nasimama na mpaka wa katikati. Lakini samaki hajui. Mradi mkubwa wa kupima samaki wa maji ya kina, 1991 mpaka 1994, uliofanya kazi ziwa zima na meli iliyopewa jina la Usipa, makao yake yalikuwa Senga Bay, Malawi. Kituo cha TAFIRI cha ziwa hili kiko Kyela, kaskazini kabisa. Sisi wa ufukwe wa Ruvuma tuko mbali na kote kuwili.

Matokeo yake unayaona kwenye kichocho. Kule Cape Maclear, kusini upande wa Malawi, watafiti wamefuatilia kwa miaka jambo hili: kuna samaki wanaokula konokono, wavuvi walipowavua sana karibu na ufukwe, konokono wanaobeba kichocho wakaongezeka, na watu wakaugua zaidi. Yaani sheria ya nyavu ni sheria ya afya. Sasa niulizeni: na huku kwetu Liuli, Mkili, Ngumbo? Watoto wetu wanaogelea humo kila siku. Mimi nilitaka kuanza na swali dogo tu la nyavu, nikaambiwa nisubiri.

Uganda nitaipitia haraka, ingawa ina mambo mengi. Makerere ya kabla ya Amin ilikuwa ndiyo Makerere. Saratani ya taya ya watoto, iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958, ilichunguzwa Kampala, na 1967 ikafunguliwa taasisi ya saratani ambayo dunia ilikuja kujifunza pale. 1972 Amin akawafukuza Waasia kwa siku tisini, makamu mkuu wa chuo Frank Kalimuzo akachukuliwa, hakuonekana tena. Wageni wakaondoka. Mkuu wa kituo cha saratani, Mmarekani John Ziegler, akaondoka, kazi ikabaki mikononi mwa daktari Mganda, Charles Olweny. Hapa ndipo ninapotaka msikilize: haikufa. Waliobaki waliendelea kutibu na kuandika, wakiwa wachache, dawa za shida. Kule West Nile watafiti wa kimataifa walikuwa wamechukua damu ya watoto kama 42,000 kuanzia 1972 ili kuona kama kirusi fulani kinatangulia saratani ile. Wakapata jibu, likachapishwa 1978. Mwaka uliofuata vita yetu na Amin ikafika mpaka West Nile, na ufuatiliaji wa wale watoto ukakoma. Vita ile ilikuwa ya haki, na kuna wazee hapa waliipigana. Lakini hata vita ya haki hukata nyuzi.

Nikisema haya vijana hufurahi, kwa sababu Amin ni mtu rahisi kumlaani. Tuje nyumbani basi.

Desemba 2016 Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, Dk. Mwele Malecela, alitangaza matokeo ya utafiti kwamba dalili za maambukizi ya Zika zimeonekana kwenye sampuli za watu hapa nchini. Zika, kirusi kilichogunduliwa Uganda mwaka 1947, wala si kitu cha ajabu kukikuta jirani. Serikali ikasema hakuna mlipuko. Ndani ya saa chache mama akaondolewa kwenye nafasi yake. Miaka miwili baadaye alikuwa Geneva, mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele: matende, usubi, kichocho. Kichocho hiki hiki chetu! Alifariki Februari 2022, Mungu amrehemu. Tulimpoteza mara ya kwanza kwa barua ya uteuzi.

Halafu ikaja Sheria ya Takwimu. Sheria ya 2015 ilikuwa tayari inabana; marekebisho ya 2018 yakafanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazolenga kupotosha au kuzitilia shaka takwimu rasmi. Adhabu: faini isiyopungua milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Fikiria wewe ni mwanafunzi wa uchumi, umehesabu ukapata namba tofauti na ya ofisi ya takwimu. Sayansi ndiyo hiyo, mmoja anapata hivi, mwingine vile, wanabishana. Sheria ikasema bishana utafungwa. Mwaka huo huo TWAWEZA walitoa matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha kukubalika kwa Rais Magufuli kumeshuka mpaka asilimia 55. COSTECH wakawaandikia barua wajieleze kuhusu kibali, na mkurugenzi wao akazuiwa kusafiri. Benki ya Dunia ikapiga kelele, na 2019 Bunge likarekebisha sheria, lile la kuwafunga watu likaondolewa. Wenzangu wa sheria, someni marekebisho yale, maana watu wengi mpaka leo wanaishi kwa hofu ya kifungu ambacho hakipo tena. Hofu haisomi Gazeti la Serikali.

Na 2020, sote tulikuwepo. Mei 2020 takwimu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Daktari wetu ambaye angeandika makala kuhusu ugonjwa ule Tanzania angeandika kwa data ipi? Dunia nzima ilikuwa inaandika usiku na mchana, sisi tumekaa na 509. Mei 2021 kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia ilipendekeza takwimu zitolewe, na zikatolewa. Nawapa haki yao.

Oktoba 29, 2025 sitaizungumzia kwa urefu. Kuna familia zimezika, na nikikumbuka hilo naona aibu kulalamikia intaneti. Lakini ni kweli pia kwamba ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Rafiki yangu mmoja alikuwa anakusanya majibu ya dodoso kwa simu kutoka mikoa mitatu. Watu aliokuwa akiwafuatilia kila wiki alipokuja kuwapata tena, wengine hawakutaka kuongea na mtu yeyote mwenye maswali. Intaneti ilirudi. Kuaminiana hakukurudi.

Sasa ngojeni, msipige makofi bado. Nimekuja na la kwetu pia.

Septemba 2015 TWAWEZA hao hao walitoa kura ya maoni: Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Sisi tulifanya nini? Nilikuwa mdogo lakini mitandao haifi, nendeni mkasome. Tulisema wamenunuliwa, tuliwatukana. Matokeo yalipotangazwa, Magufuli alipewa 58, Lowassa karibu 40. Unaweza kubishana na matokeo, mimi mwenyewe nabishana nayo. Unaweza kubishana na namna walivyochagua watu wa kuwahoji, hiyo ndiyo njia halali. Sisi hatukubishana na njia, tulimshambulia mtu. Miaka mitatu baadaye namba ya TWAWEZA ilipomuumiza Magufuli, tukaisambaza usiku kucha. Watafiti wale wale, simu zile zile. Mtafiti aliyetutazama miaka ile alijifunza nini kuhusu sisi siku tukikamata dola?

Nimemuuliza swali hilo kiongozi wetu mmoja, akacheka, akasema "siasa ni siasa". Jibu hilo sijalikubali, nalisema hapa mbele yenu.

Upande wa Katiba niseme kidogo, ndiyo fani yangu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inakupa uhuru wa maoni na haki ya kutafuta na kupokea habari. Ni nzuri. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inataja kwa jina uhuru wa taaluma na uhuru wa utafiti wa kisayansi. Yetu haitaji. Na si kwamba hatukuwahi kufikiri: Aprili 1990 wahadhiri wetu walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu kikafungwa kwa sababu ya mgogoro wa wanafunzi na serikali. Tukidai Katiba Mpya, mstari huo uwemo kwenye madai, usibaki kwenye makala za maprofesa. Na uandikwe ili utubane na sisi.

Wakati tunasubiri hiyo Katiba, nina ombi. Nimenunua madaftari matatu. Nataka kila ufukwe, kuanzia huu wetu, mtu mmoja aandike kila siku mambo manne: tarehe, mitumbwi mingapi imetoka, ndoo ngapi za usipa zimepatikana, bei ya ndoo. Basi. Majina ya wavuvi msiandike. Mambo ya kichocho na mkojo wa watoto msiguse kabisa, utafiti wa afya za watu una kibali chake cha maadili na ni sahihi kiwepo. Kuhesabu ndoo ufukweni hakuna sheria inayokukataza. Nakala moja ibaki hapa, ya pili niipige picha nikae nayo, ya tatu tuipeleke TAFIRI Kyela wakiitaka. Mmesikia ya muhogo wa Amani: kilichogawanywa mapema ndicho kinachopona. Na tafadhali, jalada la daftari lisiwe na nembo ya chama. Kuna kamanda mmoja amenikunjia uso hapa, lakini ndivyo ninavyotaka. Mvuvi wa chama tawala ana ndoo pia.

Nilipomaliza kulikuwa na maswali mengi, mengine ya bei ya mafuta ya boti, ambayo siyawezi. Moja lilitoka kwa mzee aliyekaa nyuma kabisa, si mwanachama wetu, alikuja kusikiliza tu. Alisema, "Mjukuu wangu, hilo daftari lenu likija kuonyesha kwamba samaki wameongezeka, na zile sheria za nyavu tunazozilalamikia zilikuwa sahihi, mtalisoma kwenye mkutano wenu wa hadhara?"

Vijana wakacheka. Nikasema ndiyo, babu, tutalisoma. Akasema basi liandike hilo huko kwenye mtandao wenu, watu walione. Nimeliandika.